Ndege Wamejenga Kwenye Mwembe Wangu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Miti ya Matunda Dar es Salaam

Mwenye mwembe Mbezi, mpapai Tabata au mstafeli Kigamboni, iko siku atainua macho akute kiota. Maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi visa vya nadra, na pale jibu lilipo kwenye swali jingine tumetaja namba yake.

## Kumjua mgeni na ratiba yake

1. Nitajuaje ni ndege gani aliyejenga?

Tazama kiota kwanza, ndege baadaye. Vijiti vichache vilivyotupwa ovyo kwenye panda, hata ukisimama chini unayaona mayai mawili meupe, hicho ni cha tetere au njiwa. Kikombe nadhifu cha mizizi na nyuzi kwenye matawi ya nje ni cha shore, yule mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Kifuko kirefu kinachoning'inia kama takataka iliyonaswa kwenye utando wa buibui, mlango wake ubavuni, ni cha chozi. Huyu hupenda mkomamanga na mndimu, na asipoipata miti hiyo hutundika kwenye waya wa kuanikia nguo.

Mipira ya majani inayoning'inia kwa makumi kwenye makuti ni mji wa mnana. Rundo kubwa la vijiti na vipande vya waya juu kabisa ya mwembe ni la kunguru. Cha mwisho hakionekani kwa urahisi: kijumbamshale hugandisha manyoya kwa mate yake upande wa chini wa kuti linaloning'inia, kisha akagandisha na mayai hapo hapo. Anayekata makuti makavu bila kuyachungulia huangusha familia nzima bila kujua.

2. Watakaa muda gani?

Muda mfupi kuliko unavyodhani. Shore huatamia siku 12 hadi 14, na makinda hutoka kiotani baada ya siku 10 hadi 13 nyingine. Chozi huatamia kama wiki mbili na makinda hukaa wiki mbili. Tetere ni hivyo hivyo au zaidi kidogo. Mnana huatamia siku 12 hivi, ila makinda wake hukaa karibu wiki tatu. Kunguru ndiye wa muda mrefu: siku 15 hadi 17 za kuatamia, kisha wiki tatu hadi nne.

Kwa ndege wadogo, basi, hesabu wiki tano tangu ulipoona jike ametulia kiotani. Kazi nyingi za mti zinaweza kusubiri wiki tano. Zisizoweza tumezieleza kwenye swali la 9 na la 19.

3. Wanataga miezi gani?

Tetere hana msimu, hutaga mwaka mzima. Wengi waliobaki hufuata mvua, kwa sababu mvua huleta viwavi na wadudu wa kulishia makinda. Kwa hiyo viota huongezeka wakati wa masika, Machi hadi Mei, na tena wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba. Shida ni kwamba vuli ndiyo inayokutana na maembe, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

## Matunda yanayoliwa

4. Je, ndege mwenye kiota ndiye anayemaliza maembe yangu?

Mara nyingi siye. Chozi hunywa utomvu wa maua na kula buibui. Mnana hula mbegu na wadudu. Wanaodonoa matunda kweli ni shore, ninga, pasa wenye kishungi na mkia mrefu wanaotembea kwa makundi, na kunguru. Hata hao husingiziwa, kwa hiyo okota tunda ulikague.

Shimo lenye umbo la faneli, nyama imechukuliwa na kingo zimechanika, ni mdomo wa ndege, na tunda huwa limeiva. Ukikuta chini ya mti vidonge vya makapi yaliyotafunwa na kukamuliwa, au kokwa zimeachwa mbali na mti, huyo ni popo, naye huja usiku. Alama za meno mawili mawili ni panya au kindi. Kitobo kidogo kama cha sindano, pembeni pamelegea na ndani mna funza, ni nzi wa matunda. Yule wa kutoka Asia alionekana Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na tangu hapo ameharibu maembe mengi ambayo lawama zake zimebebwa na ndege.

Kama huna uhakika, piga picha tunda moja saa 12 jioni na ulipige tena saa 12 asubuhi. Likiharibika katikati ya hapo, mwache shore.

5. Nifanye nini ili nami nipate matunda?

Njia ya kwanza haigharimu kitu: vuna yakishapevuka, usingoje yaive mtini. Embe lililopevuka mabega yake yamejaa na kupita usawa wa kikonyo, na nyama ya ndani imeanza kugeuka manjano. Lipange kwenye boksi lenye nyasi kavu, litaiva kwa siku tano hadi nane. Papai livunwe likionyesha mstari mmoja au miwili ya manjano. Ndege hawahangaiki na tunda gumu la kijani.

Njia ya pili ni kulivisha tunda. Anza embe likiwa na ukubwa wa yai la kuku. Ile mifuko ya kitambaa tunayopewa madukani tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 inafaa sana, kwa kuwa hupitisha hewa na haichaniki mvua ikinyesha. Funga mdomo wake kwenye kikonyo kwa kamba ya katani, si kwenye tunda lenyewe, na ukate pembe ya chini tundu la sentimita moja ili maji yatoke. Bahasha za kaki nazo zinafaa kiangazi, lakini mvua mbili za vuli zikipita zinabaki matambara. Fenesi livishe gunia. Mfuko huu huzuia pia nzi wa matunda, ilimradi lile tundu la chini lisizidi.

Mwembe mrefu hauvishiki wote. Visha yale yanayofikiwa na ngoe na ngazi, ya kileleni waachie wenye mabawa. Hata hivyo usingeyafikia.

6. Kwa nini nisifunike mti mzima kwa wavu?

Kwa sababu wavu unaopatikana kwa urahisi Dar ni wa samaki, nao umetengenezwa kunasa. Ndege huingiza kichwa, akirudi nyuma uzi unamkaba chini ya mabawa, na kwa jua letu saa moja inatosha kumuua. Nyoka nao hunaswa, na kumnasua nyoka aliyekasirika si kazi ya kumpa mtu.

Ukilazimika, kwa mti mfupi kama mpera au mkomamanga, tumia neti yenye matundu madogo kiasi kwamba kidole kidogo hakipiti. Ivute ikaze juu ya fremu ya miti, ishikize chini kwa mawe, na uikague asubuhi na jioni. Hakikisha kwanza hakuna kiota ndani. Chandarua chenye dawa kisitumike juu ya chakula.

7. CD za kung'aa, kanda za kaseti na sanamu vinasaidia?

Siku tatu, labda nne. Baada ya hapo kunguru anakaa juu ya kichwa cha sanamu. Kama unataka kuvitumia, vitundike siku chache tu kabla ya mavuno na uvihamishe kila siku.

8. Tunda lililodonolewa linalika?

Lenye alama za popo au panya litupe. La ndege nalo, likiwa limekaa wazi usiku kucha, halistahili kuhatarisha tumbo la mtoto. Usiliache chini ya mti, maana funza wa nzi huingia ardhini na kutoka akiwa nzi mpya. Fukia matunda yote yaliyoharibika kwenye shimo la nusu mita au zaidi.

## Kupogoa, dawa na mavuno

9. Nataka kupogoa na kuna kiota. Nifanyeje?

Mwembe hupogolewa baada ya mavuno, Februari hadi Machi mwanzoni, kabla masika hayajakolea. Ukiwahi, unakutana na viota vichache. Kabla ya panga kupanda, simama chini dakika 15 asubuhi utazame ndege anayeingia na kutoka sehemu ile ile akiwa na kitu mdomoni.

Ukikikuta, pogoa upande mwingine wa mti na uache tawi lenye kiota pamoja na matawi yanayokitia kivuli. Kosa linalofanyika sana ni kukiacha kiota chenyewe na kukata majani yaliyo juu yake. Jua la mchana hapo linaua mayai na makinda, hata kama hakuna aliyewagusa. Rudi kumalizia baada ya muda tuliotaja kwenye swali la 2.

10. Na dawa ya kupulizia?

Ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, na vidudu vya maua hupuliziwa mwembe ukichanua, katikati ya mwaka, wakati viota ni vichache. Tatizo ni dawa za wadudu za vuli. Hata kama tone halikugusa kiota, wazazi huokota viwavi wanaokufa na kuwalisha makinda. Ahirisha, au tumia mifuko ya swali la 5 na mitego ya nzi. Kama ni lazima, pulizia tawi lililoshambuliwa tu, jioni, upepo ukitulia, na uheshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Wenye maji moto mtini, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, wana mlinzi mzuri wa maembe dhidi ya nzi. Ila maji moto hula pia makinda. Hapo mtu hachagui, mti umeshachagua.

11. Naweza kuvuna mti wenye kiota?

Ndiyo. Vuna asubuhi au saa 10 jioni, si jua la utosini. Kaa mita mbili au zaidi kutoka kiotani, na usikawie upande ule zaidi ya dakika 15. Mzazi atapiga kelele, atarudi ukishashuka.

12. Mnana wanachana makuti yote ya mnazi. Nivikate viota?

Ukivikata utaongeza uharibifu. Dume ndiye mjenzi, naye hujenga kiota kimoja baada ya kingine ili amvutie jike. Asipokubali, dume hukibomoa na kuanza upya. Kila kiota unachoangusha wewe ni majani mapya atakayochana kesho. Vingi vya hivyo vinavyoning'inia ni vitupu tangu mwanzo.

Mnazi mzima wenye afya hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, kwa hiyo hujirudishia. Wa kuhofia ni mnazi mchanga. Huo uzungushie neti kwenye makuti ya katikati wakati wa mvua, kabla dume wa kwanza hajafunga fundo la kwanza.

## Makinda

13. Kinda ameanguka. Nimrudishe?

Inategemea manyoya. Akiwa uchi au na vishina tu vya manyoya, mrudishe kiotani. Habari kwamba mama humkataa kwa harufu ya mkono wa binadamu si kweli. Mpashe joto kwanza kwenye viganja kama amepoa, na usimpe maji wala maziwa: humpalia.

Akiwa na manyoya kamili, mkia mfupi, anarukaruka, huyo hajaanguka, yuko shule. Mpandishe kwenye kichaka au tawi la chini, fungia paka na mbwa, na umwache. Wazazi humlisha hapo chini kwa siku kadhaa.

14. Kiota kimevunjika na mvua. Nitengeneze kingine?

Chukua kikapu kidogo au kopo la siagi lililotobolewa matundu sita chini kwa msumari. Weka makumbi au nyasi kavu, si pamba, kwa sababu pamba hushika maji na nyuzi zake hufunga miguu ya makinda. Kifunge kwenye tawi lenye kivuli, mita moja au mbili kutoka kilipokuwa cha zamani, kisha ondoka kabisa. Tazama ukiwa dirishani kwa saa mbili. Wanaosema wazazi hawakurudi mara nyingi walikuwa wamesimama chini ya mti.

15. Naweza kumfuga?

Kukamata na kufuga ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009. Hata bila sheria, kinda hulishwa wadudu mara nyingi kwa saa, mchana kutwa, na ugali au wali hautamkuza. Kwa ndege mkubwa aliyejeruhiwa, muulize afisa wanyamapori wa manispaa yako.

16. Paka wa mtaa anawamaliza.

Zungushia shina bati laini lenye upana wa sentimita 60, ukingo wake wa chini ukiwa mita moja na nusu kutoka ardhini. Lifunge kwa waya uliolegea kidogo badala ya misumari, na ulilegeze kila miezi sita, vinginevyo litaukaba mti. Bati likishindwa, sababu ni moja: tawi linagusa ukuta au paa, na paka anapita huko. Bati hilo huzuia na panya.

## Kunguru, kesi ya peke yake

17. Haya ya subira yanamhusu na kunguru?

Hapana, na hapa hatuumi maneno. Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, anayeitwa kunguru wa Zanzibar, asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890, akavuka hadi bara. Huvamia viota vya wengine na kubeba mayai, makinda na vifaranga vya kuku. Usimchanganye na kunguru wa asili, mwenye kifua na shingo nyeupe, ambaye siku hizi haonekani sana mjini.

Kiota chake kiangushe kikiwa bado kinajengwa, kabla ya mayai. Atajenga tena, angusha tena, hata mara nne, ukichukua na zile waya ili asizirudishe. Tumia mti mrefu mkavu, na usiguse kiota kilicho karibu na umeme. Kinachomfukuza kwa muda mrefu ni njaa: ndoo ya taka yenye mfuniko, mabaki ya samaki yafukiwe, chakula cha mbwa kisilale nje. Sumu usiweke. Itamuua mwewe, mbwa wa jirani, na pengine kuku wako mwenyewe.

18. Kunguru ananidonoa kichwani nikipita getini.

Makinda wake wamekaribia kuruka au wameruka na wako chini. Ni suala la siku chache hadi wiki mbili. Pita na mwavuli uliofunguliwa, watoto wapite mlango mwingine. Hushambulia kwa nyuma, kwa hiyo ukimtazama husita.

## Umeme, kuku, maji na nyumba

19. Kiota kiko kwenye tawi linalogusa nyaya za umeme.

Usipande, usitume kijana wa mtaani na panga. Tawi bichi lenye maji ya mvua hupitisha umeme. Toa taarifa TANESCO wakate wao, uwaambie kuna kiota ili kisimwangukie mtu. Hapa usalama wa watu hautangoja wiki tano.

20. Ndege wa porini wanaweza kuwaambukiza kuku wangu?

Wanaweza kuchangia, hasa kwa mdondo, pale wanapokunywa na kula chombo kimoja. Weka maji na pumba chini ya kivuli kisicho chini ya kiota, na uondoe mabaki jioni. Kinga ya kweli ni chanjo: tone moja la I-2 jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa banda zima siku moja. Vifaranga wafunike kwa wavu wa kuku hadi wawe wakubwa, kwa sababu ya yule wa swali la 17.

21. Vinyesi vinaangukia paa, na ninavuna maji ya mvua.

Mwaga maji ya mwanzo ya kila mvua inayokuja baada ya kiangazi: angalau lita 25 kwa paa la mita 50 za mraba, zaidi kama paa limechafuka. Kisha ndipo uelekeze bomba kwenye simtanki. Maji ya kunywa yachemshwe. Kata matawi yanayoning'inia juu ya paa, kwa utaratibu wa swali la 9. Vinyesi vikavu vilowanishe kwanza kabla ya kufagia, vumbi lake si zuri kwa mapafu.

22. Nikiwawekea maji nakaribisha mbu?

Ukiyaacha, ndiyo, na Dar ilishaona milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Tumia sahani ya udongo yenye kina cha sentimita tatu hadi tano, mwaga kila siku, na usugue kingo kwa brashi, maana mayai ya mbu hushika ukingoni. Shore mwenye maji karibu hupunguza kudonoa matunda kwa kiu, hasa Januari na Februari.

## Visa vya nadra

23. Bundi analala kwenye mwembe. Majirani wanasema nimfukuze.

Anakuja kwa sababu una panya. Chini yake utaona vidonge vya manyoya na mifupa anavyotapika; vunja kimoja kwa kijiti uwaonyeshe majirani mafuvu ya panya, maneno hupungua. Ukiwa naye, acha sumu ya panya: akila panya aliyelewa sumu, naye hufa.

24. Shore wamekusanyika tawi moja wanapiga kelele bila kukoma.

Usipande. Karibu kila mara wanamzomea nyoka, paka au bundi. Nyoka wa kijani wa mitini wako wasio na madhara, na yuko nyoka aitwaye mamba wa kijani wa pwani ambaye sumu yake inaua. Mtu asiyezoea hawezi kuwatofautisha kutoka chini. Toa watoto uani, usimpige mawe, na akielekea nyumbani piga Zimamoto, 114.

25. Makinda wameondoka. Nikitoe kiota?

Ngoja wiki moja, kisha angalia kwa kioo kidogo kilichofungwa kwenye kijiti. Tetere huweza kutaga tena humo humo. Kikiwa kitupu na kiko karibu na dirisha, kitoe, kwa sababu utitiri uliobaki humo hukosa damu na kuhamia vitandani. Vaa glavu, kitumbukize moja kwa moja kwenye ndoo ya maji ya sabuni, kisha kifukie. Kikiwa mbali na nyumba, kiache. Mvua inayofuata itakishusha.